Siku ya Zeze Katika Tembe Letu

Buigiri, 9 Machi 1913

Mwanangu Sostenes uliye Tabora,

Mbukwa, baba, mbukwa sana. Naanza na hali zetu ili usome moyo ukiwa umetulia. Mimi mama yako Anyesi sijambo, ila goti la kushoto linauma asubuhi, jua likipanda linaacha. Bibi yako Tabu hajambo, masikio ndiyo yamezidi kuziba, ukimwomba chumvi anakuletea kigoda, lakini anakula vizuri na kugomba vizuri. Dada yako Lydia hajambo, amerefuka, nguo za mwaka jana zimemwacha magotini. Baba yako mdogo Matonya hajambo, na mkewe, na watoto wao wote. Mwalimu Bartolomayo hajambo, bado ana viatu vile vile na bado anatembea kama vitaisha kesho. Ng'ombe hawajambo, yule mwekundu amezaa jike. Mbwa amekufa, usihuzunike, alikuwa mzee na meno yalikwisha.

Na wewe je? Unakula? Unakula nini? Usinijibu kwamba unakula vizuri, nitajie chakula.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Zamani alikuwa akiniandikia Mwalimu, lakini Mwalimu akiandika huongeza maneno yake na kupunguza yangu. Basi nimeingia darasa la kusoma pamoja na Lydia, tukakaa benchi moja, mama na mtoto, watu wakacheka wakachoka. Sasa naweza. Herufi zikienda upande nisamehe, mezani pana mashimo.

Sasa habari yenyewe. Tangu tumzike baba yako hii ni masika ya pili. Unajua desturi ya nyumba yetu, ya kina Ndahani tangu babu yako: mwenye nyumba akifa zeze halilii tena ndani, mpaka mtoto wake wa kwanza wa kiume akae kwenye kigoda chake apige zeze lile lile la baba, watu wamejaa chumba cha mbele, ndipo nyumba imefunguliwa. Zeze ulikwenda nalo mwenyewe, ukasema utajifunza vidole huko huko kazini. Mavuno ya kwanza nikawaambia watu unakuja, hukuja. Mavuno ya pili nikawaambia tena, ukaandika una homa. Sasa watu wakipita mlangoni wanasalimu bila kusimama. Zamani baada ya mavuno chumba cha mbele kilikuwa hakina pa kuweka mguu. Sasa wanalala ndama.

Uje mavuno haya, mwanangu. Siombi kingine. Nikikaa peke yangu najiuliza kama nilikukosea siku ya mazishi na wewe unaona haya kuniambia.

Je, zeze la baba yako umelitundika penye moshi? Nijibu hilo usisahau.

Nijibu upesi, mchukuzi wa misheni anapita Ijumaa na moyo wangu hukaa njiani pamoja naye.

Ni mimi mama yako, Anyesi.

*

Tabora, 20 Aprili 1913

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo yangu imfikie na bibi, mpigie kelele sikio la kulia. Nawasalimu baba mdogo Matonya na nyumba yake yote, na Lydia, na Mwalimu Bartolomayo. Nimefurahi sana kuona mwandiko wako. Niliwaonyesha wenzangu nikasema, tazameni, huyu ni mama yangu, ameandika mwenyewe. Mmoja akasema mwandiko wako ni mzuri kuliko wa karani wetu mkuu. Ni kweli.

Barua ilinikuta nimerudi tu kutoka mbele, huko wanakotandika reli kuelekea mto Malagarasi. Nilikaa huko miezi mitatu, kazi yangu ni kuandika mataruma ya kulazwa chini ya reli, yanayofika na yanayopotea. Ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Umesema nitaje chakula. Asubuhi uji. Mchana wali na maharage. Jioni ugali na samaki wakavu wanaotoka ziwani, wana miiba mingi. Mlenda hakuna. Nyumba tunayolala ni ya reli, ya mabati, vijana wanne. Ni safi, mchana ina joto, haina meko wala moshi hata kidogo, macho hayatuumi.

Hukunikosea lolote siku ya mazishi, mama. Usiseme hivyo tena.

Habari ya kuja, nitajaribu kuomba ruhusa. Nimempa mtu wa treni kaniki mbili kwa ajili yako na blanketi la bibi. Blanketi ni jekundu, mwambie asilifunike mbuzi.

Wako mtiifu, Sostenes.

*

Buigiri, 15 Juni 1913

Mwanangu Sostenes,

Mbukwa. Mimi sijambo na goti langu. Bibi yako hajambo, blanketi limefika, halifuniki mbuzi, anajifunika hata mchana jua kali, akiulizwa anasema mjukuu wangu ni mtu wa reli. Lydia hajambo, anakohoa kidogo, ni vumbi la kupura. Matonya hajambo na mkewe, na mtoto wao mdogo ameota jino. Mwalimu hajambo. Ng'ombe wote hawajambo. Uwele umekuja vizuri mwaka huu, vilindo vya nafaka vimejaa, na karanga zipo. Kaniki nimevaa kanisani, nimeambiwa nimerudi usichana. Mungu akubariki.

Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nikampa Lydia aisome kwa sauti, labda kuna neno lilinipita. Halikunipita. Nimeuliza zeze, umejibu blanketi.

Haya, tuliache. Labda karatasi iliisha.

Nimepanga hivi. Jumamosi ya kwanza ya Agosti, saa tisa mchana, watu waje. Nilitaka tufanye uani kwa sababu ya wingi wa watu, lakini jumbe amesema siku hizi ngoma ya uwanjani sharti iwe na cheti cha bomani. Matonya akaenda Dodoma kutafuta cheti. Akakaa siku mbili kwenye baraza. Siku ya pili karani akamwuliza, "Ngoma yenu inaitwaje?" Matonya akasema, "Haiitwi. Ni mazeze mawili na marimba." "Watu wangapi?" "Wanaopenda." "Itakwisha saa ngapi?" Matonya akamwambia, "Bwana karani, sasa wewe ukiimba unajua wimbo utakwisha saa ngapi?" Karani akafunga kitabu. Lakini mwingine aliyekaa pale akamwita pembeni, akamwambia, ndugu, watu wakikaa ndani ya nyumba kwa mwenyewe hao ni wageni, wageni hawana cheti. Basi ni ndani. Ndama nitawapeleka kwa Matonya.

Mwalimu Bartolomayo naye alikuja na uso wa Jumapili. "Anyesi, nasikia unaleta ngoma nyumbani, na wewe umebatizwa." Nikamwambia, "Mwalimu, hakuna pombe, kuna togwa. Hakuna kucheza, hakuna nafasi. Watu watakaa kitako kama darasani, mwanangu atapiga zeze la baba yake." Akafikiri. Akasema yeye hataingia. Nikasema basi, nitakuletea togwa nje.

Sasa kilichobaki ni wewe. Kigoda cha baba yako nimekisugua kwa mchanga, kinang'aa. Usiku nawaza wataingia wote, watakaa, watatazama kigoda. Mwanangu, mara hii ya tatu nikiwarudisha watu hawatakuja tena nikiwaita, na mimi nimebakiwa na nini zaidi ya kuita watu?

Neno moja tu linanitosha, unakuja au huji. Lipande treni ya kwanza.

Ni mimi mama yako, Anyesi.

*

Tabora, 13 Julai 1913

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula. Natumaini bibi na Lydia na wote ni wazima, na kikohozi cha Lydia kimekwisha.

Nimeomba ruhusa nimekatazwa. Kazi ya mbele imezidi na karani mmoja anaumwa. Naomba radhi sana. Waambieni watu mwakani.

Nimepeleka sabuni vipande vinne na sukari.

Wako, Sostenes.

*

Buigiri, 24 Agosti 1913

Mwanangu Sostenes,

Mbukwa sana. Bibi yako Tabu hajambo, Lydia hajambo na kikohozi kimekwisha, Matonya hajambo, vidole vyake tu vimechubuka kidogo, vitapona. Mke wa Matonya hajambo. Watoto wao hawajambo. Mwalimu Bartolomayo anachechemea kidogo lakini hajambo, anakusalimu, usimwulize kitu. Ndama wamerudi. Yaani wako salama. Sabuni imefika, sukari imefika, na sukari imekwisha, tulikuwa na wageni siku moja.

Wageni tu.

Kazi ikikataa inakataa, sikulaumu. Mtu wa kazi si mtu wa nafsi yake. Mimi nashona, nafagia, nasoma kitabu cha zaburi nimefika katikati. Paa lina tundu dogo upande wa mlangoni, tutaliziba kabla ya vuli, si kitu cha kukufanya usilale.

Yule Zaidi, Mrangi wa Kondoa anayeuza tumbaku, anakuja Tabora kwa treni mwezi ujao. Nimempa karanga zako mfuko mmoja na ubuyu. Mpokee vizuri, umkalishe, umpe maji, umsikilize. Ni mtu wa maneno mengi lakini mkweli.

Nilitaka kukuandikia mengine lakini Lydia ananiita. Usikae kimya muda mrefu, tafadhali. Ukipata karanga niandikie siku hiyo hiyo kwamba zimefika.

Mama yako, Anyesi.

*

Tabora, 28 Septemba 1913

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingi kwa bibi. Wasalimie wote, nitawataja siku nyingine, leo nina jambo moja la kuandika.

Karanga zimefika. Zaidi naye amefika. Nilimkalisha nikampa maji kama ulivyosema. Kabla hajamaliza kikombe akasema, "Bwana Sostenes, kwenu watu wanajua kupokea mgeni! Nimesikia mazeze Kondoa, nimesikia Singida, sijasikia kama yale ya nyumbani kwa mama yako. Watu mpaka juu ya paa!"

Nikasema, "Nyumbani kwa mama yangu yupi?"

Akacheka, akadhani namtania. Akanieleza mpaka jua likazama. Mama, nilikaa nikitabasamu kama mjinga. Mmefungua nyumba bila mimi. Nilikuwa mbali nikiona mzigo wote uko mabegani mwangu, kumbe mzigo mlikwisha kuutua mkanywa togwa. Usiku ule nilikasirika. Nakuambia kweli. Nilisema moyoni, basi, hawanihitaji.

Asubuhi nikaona aibu, kwa sababu sina haki ya kukasirika. Sikuomba ruhusa, mama. Sikukatazwa. Na mwaka jana sikuwa na homa, nilikuwa naogopa kuja, kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa bado havijui kitu. Nikasema nijifunze kwanza. Mwaka huu vilikuwa vimeanza kujua.

Uliuliza kama nimelitundika penye moshi. Nilikuambia nyumba yetu haina moshi. Hapo ndipo habari yote ilipo. Nyumbani zeze linaning'inia juu ya meko mwaka mzima, hakuna mdudu anayelisogelea, na mimi tangu utoto nilidhani zeze kwa asili yake haliliwi. Sikujua kuwa ni moshi wako uliokuwa ukililinda. Nilipotumwa Malagarasi nililifunga kwenye mkeka, nikaliweka chini ya kitanda, juu ya udongo, nikaona nimelitunza kuliko roho yangu. Miezi mitatu. Niliporudi nikavuta mkeka, ukaja mwepesi. Mchwa, mama. Mti wote umekuwa udongo, upinde umekuwa udongo. Kimebaki kibuyu na kipande cha ngozi. Barua yako ya kwanza nikaikuta siku hiyo hiyo, iko juu ya kitanda. Soma mwenyewe uone ningejibu nini.

Nimemaliza zeze la baba, lile lile la babu. Sasa unajua kwa nini siji. Nitawatazamaje watu? Nitamtazamaje baba mdogo Matonya? Ukiniandikia nisije tena, nitaelewa.

Mwanao, Sostenes.

*

Buigiri, 12 Oktoba 1913

Mwanangu, mwanangu, mwanangu Sostenes,

Wote hawajambo, bibi, Lydia, Matonya, mkewe, watoto, Mwalimu, ng'ombe. Leo nawasalimu kwa mkupuo, watanisamehe.

Barua yako nimeisomea shambani nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye mchwa nikakaa chini. Lydia akapiga mbio akidhani amekufa mtu. Nikamwambia, "Hapana, ni zeze." Akasema, "Zeze limefanya nini?" Nikasema, "Limeliwa." Basi tukatazamana, na Mungu anisamehe, tukacheka mpaka machozi, kisha nikalia ya kweli kidogo, si kwa ajili ya zeze. Miezi yote hii nalala nikisema mwanangu ananichukia, kumbe anawaogopa mchwa!

Sasa sikiliza jambo ambalo baba yako alinikataza nisimwambie mtu. Nadhani kwa sasa haimdhuru. Zeze lile halikuwa la babu yako. Zeze la babu yako, baba yako alilikalia. Ndiyo, alilikalia, mwaka uleule aliponioa, alikuwa amelewa arusini kwa watu, akalilaza kwenye ngozi akasahau, akaja akaketi. Lilitoa mlio mmoja tu. Akakaa miezi minne akimkwepa babu yako, kila akiitwa anasema anachunga. Akachonga jingine kwa siri kule mlimani, akalipaka mafuta na masizi ya chungu changu lionekane la zamani. Mimi ndiye niliyesugua masizi. Babu yako akalipokea, akaligusa, akasema, "Sauti yake siku hizi imetulia." Mpaka anakufa hatujui kama alijua. Kwa hiyo hilo ulilosema umelimaliza, mwanangu, ni masizi yangu.

Habari ya siku ile nitakueleza yote, maana Zaidi najua amekueleza ya kwake. Barua yako ya kukataa ilikuja siku tisa kabla. Nikaikunja nikaiweka kwenye unga. Nikaenda kwa Matonya nikamwambia, "Shemeji, hatufungui nyumba. Kufungua ni kwa Sostenes. Wewe njoo na zeze lako ukae chini, mkekani, kigoda tutakiacha wazi. Tunapasha nyumba moto tu." Matonya akasema, "Na watu wakiuliza?" Nikasema, "Waambie tunajaribu chumba." Ndiyo maana sikukuandikia. Nilijua ukisoma utaona tumekupita, na mimi sikutaka karatasi ikuambie vibaya. Zaidi nilimwalika makusudi. Nilimkalisha mbele kabisa, nikamjazia kikombe mara nne. Nilisema moyoni, huyu atafika Tabora, na mwanangu akisikia kwa mdomo wa mtu aliyefurahi, labda miguu itamwasha.

Walikuja, baba. Walikuja mpaka nikaogopa. Chumba chetu unakijua, walikaa magoti kwa mgongo kama karanga kwenye ganda. Bibi yako tulimwegemeza kwenye nguzo ya kati. Hasikii, lakini aliweka shavu kwenye mti, akasema, "Inakuja, inakuja hapa kwenye meno." Tukamwacha na nguzo yake. Waliokosa nafasi wakapanda juu ya paa letu la udongo wakasikilizia kwenye tundu la moshi, kila Matonya akivuta upinde udongo unamdondokea kichwani. Ndama mmoja akakata kamba kwa Matonya akarudi kulala kwake, akaingia mlangoni, akaona watu, akaona ni sawa, akalala katikati ya wapiga marimba. Hakuna aliyemtoa.

Mwalimu alikuwa nje na togwa yake. Wimbo wa pili nikachungulia, kigoda chake kitupu. Nikasema ameudhika amekwenda. Wimbo wa nne, tukiwa tumenoga, likasikika kraa! na kutoka darini ukaja mguu. Mguu wenye kiatu. Ukaning'inia juu ya vichwa vya watu, unatapatapa. Na Buigiri nzima inajua ni nani mwenye viatu vile. Matonya hakuacha kupiga, mkorofi yule, akageuza maneno ya wimbo papo hapo, akaimba eti mvua mwaka huu zinanyesha viatu. Watu walilala chini kwa kucheka. Tukamsukuma mguu kutoka chini, wengine wakamvuta kutoka juu. Baadaye Mwalimu akaingia mlangoni kama mgeni anayefika sasa hivi, magoti yana vumbi, akasema, "Nilikuwa nakagua kama paa litawavumilia." Nikamwambia, "Na umeonaje, Mwalimu?" Akasema, "Haliwavumilii." Akakaa ndani. Alikaa mpaka mwisho.

Sasa sehemu hii Zaidi hawezi kuwa amekuambia, kwa sababu alidhani ilipangwa. Mwishoni watu wakataka ule wimbo wa baba yako, wa yule ng'ombe aliyekataa kuvuka mto wa Kinyasungwe. Matonya akaanza vizuri. Alipofika pale ng'ombe anapogeuka, akapotea. Akarudia. Akapotea tena. Zeze likabaki linanguruma mahali pamoja, watu wanatazama chini, wengine wanatazama kigoda kitupu. Mimi nilikuwa mlango wa ndani na kata ya togwa mkononi. Mwanangu, sijui ilikuwaje. Nilisikia mtu anaimba, nikageuka nione ni nani, kumbe watu wote wananitazama mimi. Nikafumba macho nikaendelea. Miaka ishirini na mbili nilikaa mlango ule nikigawa togwa yeye akiimba, nilidhani nagawa togwa tu. Nyimbo zote zimo. Nimezihesabu tangu siku ile, nikipura, nikichota maji, zimefika thelathini na moja, na zile mbili alizoziimba alipokuwa mgonjwa na hakuna aliyezisikia ila mimi.

Matonya alinifuata kwa zeze lake kama mtu anayefuata taa. Tulipomaliza Mwalimu alifuta uso akasema ni vumbi la paa.

Sasa unasema utawatazamaje watu. Watazame tu, wana macho kama yako. Matonya nimemsomea barua yako, nisamehe, nilishindwa. Akasema, "Mti wa kuchonga upo, kibuyu aje nacho," akaondoka na shoka. Vidole vyako kama vimeanza kujua basi vinatosha, maneno nitakupa mimi. Tutakaa wawili, wewe upige mimi niimbe, ukipotea nikusubiri. Watu nimekwisha kuwaambia. Safari hii sikuwaambia siku. Nimewaambia unakuja, wakauliza lini, nikasema ataandika.

Kwa hiyo andika. Usiandike nitajaribu, hilo neno nimelichoka. Omba ruhusa ya kweli, uandike siku na treni. Nisipopata barua yako kabla ya mvua ya kwanza, nitachukua mkeka nikae stesheni, mimi na Lydia na bibi yako na blanketi lake jekundu, kila treni ya kutoka Tabora ikisimama bibi yako atauliza kwa sauti, "Sostenes yumo?" Na sauti ya kiziwi unaijua. Ukitaka tusikuaibishe mbele ya watu wa reli, nijibu leo hii, kabla hujala.

Ni mimi mama yako, Anyesi.